Nyumba Isiyo na Faida

Dishon Opondo alijiharibia jina hewani, kwa Dholuo safi na kwa hiari yake mwenyewe. Hakuna aliyemsukuma. Redio moja ya Kisumu ilimwalika aeleze kazi yake ya kusimamia uwekezaji, naye akavaa suti na tai, kana kwamba redio ina macho. Mtangazaji akamtupia swali la uchokozi: "Mtaalamu, watu wetu wanapoteza pesa kwa kitu gani kuliko vyote?"

Mjanja angesema pombe. Mhubiri angesema wanawake. Lakini Dishon alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: akiulizwa swali, hulijibu.

"Nyumba za kijijini," akasema. "Mtu anajenga vyumba vitano nyumbani kwao. Analala humo siku mbili za Krismasi, mwaka uliobaki wanalala popo. Hawezi kuipangisha. Hawezi kuiuza. Akiipeleka benki kama dhamana, hata mlinzi wa mlangoni atacheka. Hiyo si mali, ndugu zangu. Hiyo ni pesa iliyotangulia kaburini kumngoja mwenyewe."

Simu za kituo zikawaka kama nyasi za kiangazi. Mzee mmoja wa Ahero, ambaye mafuriko humwingilia nyumbani kila mwaka bila kubisha hodi, alisema afadhali nyumba inayoingia maji kuliko kijana anayeingia hewani bila adabu. Mama mmoja hakutukana. Aliuliza tu, kwa upole, huyo ni mtoto wa nani. Na hilo ndilo lilikuwa swali la hatari, maana kabla ya matangazo ya vifo kuanza lilikuwa limeshajibiwa: ni mtoto wa marehemu Mwalimu Opondo wa Asembo, mzaliwa wa kwanza, na yeye mwenyewe hajajenga kwao hata choo.

Ilikuwa kweli. Kwa Wajaluo, kijana akipata ndevu za kueleweka hujenga nyumba yake ndani ya boma la babake, karibu na lango, hata ikiwa ya udongo, hata ikiwa ndogo kama kizimba cha kuku. Hapo ndipo anapoanza kuhesabiwa. Dishon alikuwa amepita miaka arobaini, ana mke, ana watoto, ana shahada mbili na leseni ya serikali iliyotundikwa ukutani, lakini akienda kumsalimia mamake Asembo alilala gesti Bondo, kwa sababu mwanamume mwenye mke hapaswi kulala katika nyumba ya mama yake. Kila mwaka alipiga hesabu ya kujenga, na kila mwaka hesabu ilimwambia gesti ni nafuu.

Baada ya siku ile ya redio, ofisi yake ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, upande wa Kibuye, na wateja waliokuwa wamesema "tutakupigia" walitimiza ahadi ya wateja wote wanaosema hivyo.

Aliyempigia alikuwa mmoja tu: mkubwa wake wa zamani kutoka Nairobi.

"Dishon, rudi nyumbani bwana. Dawati lako liko palepale. Nakushikia mpaka mwisho wa mwezi. Tuna bidhaa mpya kwa walimu wastaafu, na huko Nyanza wewe ndiye wanakuamini."

Bidhaa mpya Dishon hakuijua. Bidhaa ya zamani aliijua. Kampuni hiyo ya mawakala wa uwekezaji iliwauzia walimu wastaafu karatasi za deni za kiwanda cha unga ambacho kila mtu ofisini alijua kinakata roho. Kiwanda kilipoanguka, walimu waliandikiwa barua nzuri yenye nembo ya dhahabu: kulikuwa na "changamoto za muda." Muda huo haujaisha hadi leo. Walimu kadhaa wameisha.

Neno hilo, changamoto, lingefaa kukamatwa na kuwekwa ndani. Watu wa ziwani wanalijua tangu walijue jua. Kinu cha pamba kilipofungwa na wakulima kubaki na marobota yao, waliambiwa ni changamoto. Chama cha ushirika wa samaki kilipokauka ghafla huku mwenyekiti wake akipandisha ghorofa, ikawa changamoto. Wezi wa zamani walikuja na panga usiku, ukajua umeibiwa. Hawa wa siku hizi wanakuja mchana na chai na biskuti, na ukilia wanakuelimisha.

Ndiyo maana Dishon aliacha kazi akarudi Kisumu kujitegemea. Ndiyo maana pia tumbo lilikuwa linamnguruma. Mkewe Lornah, mwalimu wa sekondari ambaye mshahara wake ndio uliokuwa ukilisha nyumba, alimwambia mezani bila kupandisha sauti:

"Mimi sikuombi ufe njaa kwa heshima, Baba Sheryl. Ukitaka kurudi kwao, rudi. Lakini usije ukaniambia umeuza nini, na umemuuzia nani."

Basi mambo yakawa hivyo: apate mteja mmoja wa maana kabla mwezi haujaisha, au arudi akawauzie walimu wale wale sumu nyingine kwenye chupa mpya.

Alianza Milimani, kama mjinga yeyote anayedhani pesa iko mahali palipo na maua. Mzee Nicodemus alikuwa mstaafu wa shirika moja la umma ambalo siku hizi limebaki nembo na mlinzi. Boma lake lilikuwa na nyasi zilizonyolewa kuliko kichwa cha askari. Alimkaribisha Dishon barazani, akasikiliza habari za kuikopesha serikali kwa bondi zenye riba, akatikisa kichwa mahali panapostahili kutikiswa. Kisha akachomoa simu na kumwonyesha picha. Ilikuwa nyumba ya Alego, yenye nguzo nne nene mbele kama za mahakama.

"Hii, kijana, nimejenga kwetu. Nambie. Hii ni pesa iliyotangulia kaburini?"

Hapo ndipo mtu angekohoa. Angeomba maji. Dishon aliitazama picha.

"Ni nyumba kubwa, Mzee. Nani hulala humo?"

"Kuna mlinzi."

"Ndani?"

Mzee Nicodemus alifikiri. "Nje," akasema.

Chai haikumiminwa tena. Dishon alisindikizwa mpaka langoni na mbwa wawili, na mbwa ndio waliokuwa na heshima zaidi.

Aliporudi kazini alimkuta Nduta, mwenye jengo na mwenye duka la chini, akiwahudumia wanaume watatu wenye nyuso za msiba. Nduta alizaliwa Kisumu na wazazi waliotoka Murang'a kuuza sufuria, na Dholuo yake ilikuwa ya mama wa soko, ya kasi na matusi yake. Duka lake lilichomwa mwaka ule wa ghasia za uchaguzi ambao watu mjini hawautaji kwa jina. Alijenga tena palepale. Waliochoma walirudi kununua misumari, akawauzia, na kila mmoja anamkumbuka mpaka rangi ya shati.

"Mabati ya gauge gani, mepesi au mazito?" aliwauliza wale wanaume. "Marehemu alikuwa mtu wa aina gani?"

"Mhasibu," mmoja akasema. "Alikuwa Nairobi. Maiti inafika Ijumaa."

"Na hajajenga?"

"Hajajenga."

"Basi mnataka kile kifurushi." Nduta akaita wapakiaji. "Mabati, mbao, misumari, mlango mmoja, dirisha moja, na kufuli. Asubuhi mnaanza, jioni imesimama. Poleni sana. Lipeni hapo."

Walipoondoka Dishon alisimama mlangoni akitazama mkokoteni ukienda na nyumba nzima ya mhasibu.

"Wanajengea maiti?"

"Wewe ni Mjaluo au ni mtalii?" Nduta alimkata jicho. "Mtu mzima hazikwi kama hana nyumba kwao. Maiti italala kwa nani? Kwa mama yake? Kwa hivyo wanamjengea haraka, analala usiku mmoja, anazikwa kando. Kila wiki nauza moja, na wiki ya baridi mbili. Wote walikuwa wasomi, Bwana Dishon. Watu wa hesabu kama wewe."

"Na nyumba inabaki tu?"

"Inabaki tu. Wewe ulisema redioni hizo nyumba hazina faida. Mimi zimenipelekea watoto wawili chuo kikuu." Akacheka, akafuta kaunta. "Wateja wangu hawarudishi bidhaa, na hawanipigii simu kulalamika. Sasa wewe tafuta wako wanaopumua. Kuna akina mama wa omena huko Asembo Bay. Walinunua banda lao kwangu, pesa mkononi, hawakuniomba hata siku ya kungoja. Chama chao kina pesa imelala benki kama mgonjwa. Mwenyekiti ni Agneta. Nitampigia. Lakini apa hutataja nyumba."

"Sitataja."

"Apa!"

Dishon akaapa.

Asembo Bay ilikuwa inang'aa siku hiyo. Omena, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wameanikwa juu ya nyavu ufuoni kote kama mtu amemwaga sindano, na harufu ilimpokea Dishon mapema kuliko mwenyeji yeyote. Akina mama walikuwa wamekaa bandani, miguu imenyooshwa, na katikati yao Agneta, ambaye wote walimwita Nyar Seme, binti wa Seme, kwa sababu aliolewa kutoka Seme. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya spika ya kanisa. Alinunua omena kwa wavuvi na kuwapeleka Nairobi kwa watengeneza chakula cha kuku, na ilisemekana hajawahi kudanganywa na mizani ya mtu yeyote tangu azikwe mume wake.

Dishon alijieleza vizuri. Hata yeye mwenyewe alisikia anaeleza vizuri. Alisema pesa haitapita mikononi mwake hata kidogo, itakaa benki ya kutunza, yeye atakuwa akielekeza tu inunue nini: bondi chache za muda mrefu, nyingi za muda mfupi, ili msimu wa ziwa kufungwa kwa wavuvi wapate ya kula. Alisema atalipwa sehemu ndogo kwa mwaka, wakipata na wasipopata, na hatapokea kamisheni kwa mtu yeyote ili awauzie kitu. Kisha, kwa kuwa walikuwa wanasikiliza, akaeleza kwa nini aliacha kazi Nairobi. Akaeleza habari ya walimu na kiwanda cha unga. Akapandwa na hasira ya kweli, mate yakamtoka.

"Wakubwa walikosea hesabu," alisema, "na gharama ya kosa lao ikabebwa na watu ambao hata hawakuwa chumbani!"

Akina mama walipiga makofi. Dishon alianza kuona mwanga.

"Umeongea, nyathina, mwanangu," Agneta akasema. "Umeongea kama babako, na babako alikuwa anaongea. Sasa niambie. Nyumba yako kwenu iko upande gani wa lango?"

Mama mmoja alianza kuchunguza kucha zake.

"Mama, mimi... uwekezaji na nyumba ni mambo mawili tofauti."

"Kwako. Sisi tukikosa pesa yetu, tukutafute wapi?"

"Ofisi yangu iko Kisumu, juu ya duka la—"

"Ofisi ni ya Nduta. Ukihama leo unabeba leseni kwapani. Sikiza, wuod Mwalimu. Mtu akiwa na nyumba kwao, akila pesa ya watu, sisi tunajua kwa kwenda. Tunabeba sufuria zetu, tunaenda kukaa kwa mlango wake, tunapika hapo, tunaimba hapo, mpaka mama yake aone aibu auze ng'ombe. Hiyo ndiyo benki yetu ya kutunza. Wewe tukukalie wapi? Gesti ya Bondo?"

Banda lilicheka mpaka ndege wa ufuoni wakaruka. Dishon alicheka pia, cheko la mtu anayetafuta mlango.

"Mama Agneta, mimi sikujenga kwa sababu nilipiga hesabu. Kwa ile pesa—"

"Na Opiyo analala wapi?"

Opiyo alikuwa mdogo wake, fundi wa injini za boti. "Opiyo amepanga chumba pale senta. Nyuma ya posho mill ya kusaga unga. Karibu na kazi yake."

Safari hii hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Yaye," mama mmoja akanong'ona. "Kumbe hajui."

"Opiyo alinunua mabati mwaka juzi," Agneta alisema, na sauti ya spika ikashuka. "Yamelala hapo nyuma ya posho mill, anayafunika na turubai. Hawezi kujenga mbele ya kaka yake. Wewe mtoto wa mwalimu unajua hiyo sheria au umeisahau huko? Mkubwa anajenga, ndipo mdogo anajenga. Kuna msichana alimngoja. Amechoka, ameolewa Uyoma. Wewe hukujenga kwa sababu umepiga hesabu, na hesabu yako imelaza ndugu yako na magunia ya unga." Alinyoosha mkono kuelekea ziwani, kisha akaurudisha ukamwelekea yeye. "Umetuambia wakubwa wa Nairobi walikosea na watu wengine wakalipa. Umetema mpaka mate. Sasa tuonyeshe tofauti."

Dishon alitafuta tofauti. Alikuwa na shahada mbili za kumsaidia kuitafuta. Hakuiona.

Alimkuta Opiyo amepiga magoti kwenye mafuta, injini imetawanywa mbele yake. Turubai la bluu lilikuwa pale ukutani. Dishon hakuhitaji kulifunua.

"Kwa nini hukuniambia, omera, ndugu yangu?"

"Nikuambie nini? Ungetoa kalkuleta." Opiyo alipuliza plagi, akaitazama juani. "Na kusema ukweli ulikuwa sawa. Nyumba ni hasara. Nilisikia kwa redio, nikasema huyu ndugu yangu ana akili."

"Unanicheka."

"Sikucheki. Lakini wewe una nyumba ya kupanga na mke ndani. Mimi nikisema nataka kuoa, wananiuliza nitamweka wapi, nasema nangoja kaka. Wanauliza kaka anangoja nini. Nasema anangoja iwe na faida." Hapo akacheka kidogo, bila ubaya, na ubaya ungekuwa rahisi kuvumilia. "Nipe hiyo spana, namba kumi."

Dishon akampa spana, mkono wa suti ukaingia mafuta.

Kesho yake aliteremka ngazi mpaka kaunta ya Nduta na kusema anataka kifurushi.

Nduta alikunja uso wa biashara. "Pole sana. Nani ametuacha?"

"Hakuna. Ni changu."

Nduta alimtazama kuanzia kiatu mpaka upara. "Haiya! Umepimwa hospitali gani?"

"Niko mzima. Nataka kujenga kwetu."

"Wewe? Popo watalala wapi?"

"Nduta, niuzie mabati. Na unipunguzie."

"Wateja wa kifurushi hiki hawaombi kupunguziwa."

"Wateja wako wamekufa! Mimi niko hai."

"Ndiyo shida yako hiyo," Nduta alisema, lakini aliandika risiti, na akaongeza pakiti ya misumari bila kuitaja, na akasema atampelekea vitu kwa pikapu yake mwenyewe, kwa sababu jambo hilo hataki kuhadithiwa.

Siku ya kujenga iliangukia Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Baba mdogo, Mzee Ooko, alichoma fimbo yake ardhini upande wa kulia wa lango kuonyesha mahali pa nyumba, akanung'unika kwamba fimbo hiyo imengoja miaka ishirini na sasa imekuwa fupi. Lornah alifika na chandarua, jiko na kikapu, akasema analala humo hata ikivuja, lakini ikivuja atasema. Mamake Dishon alileta kiti chake kutoka ndani, akakiweka mahali panapoonyesha vizuri, akakaa kama mtu aliyelipia tikiti.

Na akina mama wa omena wakaja. Hakuna aliyewaalika, na hawakuleta chochote isipokuwa macho. Walikaa kivulini wakikosoa.

"Hiyo nguzo imelewa!"

"Mwacheni, ni ya digrii. Inainama kusalimia."

"Dishon! Nyundo inashikwa mwishoni, si shingoni! Unaikaba?"

Nduta, aliyefika na pikapu, alikuwa ameshakaa katikati yao anakula mahindi na kuwafundisha tusi la Kikuyu la kumtukania fundi.

Alasiri nyumba ilikuwa imesimama. Kusimama ni neno la heshima. Ilikuwa chumba kimoja cha mabati, mlango mmoja, dirisha moja, imeegemea kidogo upande wa ziwa kana kwamba inasikiliza. Jua lilikuwa limeipiga mpaka ndani palikuwa jiko. Dishon alitoka humo na shati limemganda mgongoni, kidole gumba kimevimba.

Agneta akainuka, akajikung'uta, akaizunguka nyumba mara moja, akagonga bati kwa kifundo cha kidole. Kisha akarudi akasimama mbele yake.

"Sasa, wuod Mwalimu. Ulisema redioni, Nyanza yote ikasikia. Leo sema tena. Hii nyumba ni faida au ni hasara?"

Hata asiyejua kusoma angesoma hapo. Upande mmoja palikuwa na neno dogo, tamu, lisilo na gharama. Faida. Aliseme, apigiwe vigelegele, apate chama, na simu ya Nairobi ailishe mbwa. Mzee Ooko alikuwa ameshaanza kumtikisia kichwa, akimsaidia kulisema. Upande wa pili palikuwa na ugonjwa wake wa zamani.

"Hasara," Dishon akasema.

"Aa!" Mzee Ooko akashika kichwa.

"Hasara tupu, mama. Nitalala humu Krismasi. Haitanipa hata senti. Bati linapika mtu akiwa hai, na mbao za Nduta zimepinda—"

"Mbao zangu ziko sawa!" Nduta alipaza sauti, mahindi mdomoni. "Ni wewe umepinda!"

"Ni hasara, na ni yangu. Nimeibeba mimi. Nilikuwa nimembebesha Opiyo." Alipangusa uso. "Siwezi kuiita jina lingine. Nikiita hii faida leo, kesho nitawaita nyinyi mje kwa bondi mbaya niseme ni nzuri."

Agneta alimtazama vile anavyotazama mizani ya mtu mgeni.

"Mimi nilikuwa na pamba," alisema mwishowe, si kwake tu bali kwa wote. "Mume wangu alikuwa na hisa za ushirika. Wakatula, wakatula tena. Na katika hao wote waliotula, hakuna hata mmoja aliyesimama mbele yangu akasema: Nyar Seme, hii ni hasara. Walikuwa na lile neno lao."

"Changamoto," akina mama wakaitikia kama kanisani.

"Changamoto! Mpaka nikasema, mtu wa pesa akija siku moja akaniita hasara kwa jina lake, huyo nitamsikiza hata akiwa mwendawazimu." Akaketi kwenye boriti iliyobaki, akamwonyesha Dishon mahali pa kukaa, chini, udongoni. "Hiyo benki ya kutunza. Inaitwa nani, na mlango wake uko wapi? Nataka kwenda kuuona. Na tukiingia kwa hizo bondi halafu ziwa lifungwe na mtoto augue, pesa inatoka kwa siku ngapi? Na wewe, hiyo sehemu yako unayokula tukipata na tusipopata. Kwa nini ule tusipopata?"

Dishon akafungua mdomo kumweleza.

"Punguza kwanza, ndipo ueleze," Agneta akasema. "Na si pesa yote. Tutakupa kidogo, tukuone mwaka mmoja. Hapo mlangoni panatutosha na sufuria zetu, nimeshapima."

Upande wa kushoto wa lango vumbi lilikuwa limeanza kuruka. Opiyo hakuwa amengoja baraka wala hotuba. Alikuwa amelivuta turubai la bluu kwa mkokoteni kutoka senta, na sasa alikuwa anachimba shimo la nguzo ya kwanza kama mtu anayefukuzwa, huku Mzee Ooko akimkimbilia na fimbo akimpigia kelele asubiri aonyeshwe mahali.

Simu ya Dishon ikalia. Alikuwa amempa Agneta aone bei za bondi za wiki hiyo, na Agneta hakuwa mtu wa kuiacha simu ilie. Aliipokea kwa sauti ile ya spika.

"Dishon? Ako, lakini ako kazini. Nani?... Nairobi?... Ati dawati?" Aliweka mkono juu ya simu, akamtazama Dishon aliyekaa udongoni, kisha akaitazama ile nyumba iliyoegemea ziwa. Akairudisha simu sikioni. "Hapana, baba. Uzia mtu mwingine hilo dawati. Huyu ako kwake."